Basi namba 206: nani hasa anaijaza Kyoto?

Saa kumi alasiri, kituo cha Gojozaka, upande wa mashariki wa jiji la Kyoto, Japani. Wanaosubiri hapa wengi wametoka hekalu la Kiyomizu, wameshuka mteremko kwa miguu kama dakika kumi. Foleni imeambaa na ukuta wa maduka mpaka inapinda kona. Basi namba 206 linatokea kaskazini, linasimama, na mlango wa mbele unafunguka. Wanashuka watu wanne. Mlango wa nyuma unafunguka nao, lakini anayefanikiwa kuingia ni mmoja tu, kwa sababu ndani watu wamebanana bega kwa bega na mlangoni pamelala mabegi mawili makubwa ya magurudumu. Dereva anatangaza kwa kipaza sauti kwamba basi jingine linafuata. Hilo nalo likija, limejaa vilevile.

Njia ya 206 huanzia kituo kikuu cha treni, hupanda barabara ya Higashioji, hupita Gion (mtaa wa jadi wa mageisha, wasanii wa kike), hupita karibu na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto na chuo chenyewe, kisha huzunguka hadi Kitaoji kaskazini. Kwa mtalii, hili ni basi la mahekalu. Kwa bibi wa miaka themanini anayetoka kliniki ya macho, ni basi la kumrudisha nyumbani, na hana jingine. Wawili hao hukutana ndani ya chombo kimoja, saa ileile, wakielekea upande uleule.

Ukiuliza kwa nini hali imefika hapa, jibu huja haraka: wageni kutoka nje wamezidi. Ni kweli kwamba wameongezeka sana. Mwaka 2019 Japani ilipokea wageni milioni 31.9 kutoka nje, na mwaka 2024 ikapokea milioni 36.9, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Thamani ya yen ilikuwa imeshuka, safari ikawa rahisi kwa mwenye dola au euro, na Kyoto ni mji ambao karibu kila anayekwenda Japani kwa mara ya kwanza hutaka kuuona. Lakini jibu hilo lina nusu tu ya ukweli, na naamini nusu hiyo imelifanya jiji litibu mahali ambapo sipo palipouma. Tuwatazame hawa watalii jinsi wanavyotembea: wanakuja siku gani, saa ngapi, wamelala wapi, wamebeba nini, wanalipaje nauli. Hapo ndipo tofauti ya mtalii wa ndani na wa nje inapojitokeza, na hapo ndipo kosa la mpangilio linapoonekana.

Mji wenye msalaba katikati na vivutio pembezoni

Kyoto ilijengwa mwaka 794 kuwa makao ya mfalme, na ilibaki hivyo hadi mwaka 1869 mfalme alipohamia Tokyo. Mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari la hesabu, na milima imeuzunguka mji pande tatu. Mahekalu makubwa mengi yako kwenye miguu ya milima hiyo, pembezoni mwa mji. Kiyomizu iko mashariki, Ginkaku-ji kaskazini mashariki, Kinkaku-ji (lile hekalu la dhahabu) kaskazini magharibi, Arashiyama magharibi kabisa, na madhabahu ya Fushimi Inari kusini mashariki.

Sasa weka juu ya ramani hiyo treni za chini ya ardhi. Ziko njia mbili tu. Karasuma, iliyofunguliwa mwaka 1981, inakata mji kutoka kaskazini kwenda kusini. Tozai, ya mwaka 1997, inatoka mashariki kwenda magharibi. Zinapishana katikati na kufanya msalaba. Ni treni safi na zinafika kwa wakati, ila zinapita mahali ambapo mtalii hana shida napo. Kinkaku-ji haina kituo cha treni hizo, na Kiyomizu haina pia. Kabla ya hapo mji ulikuwa na tramu, lakini ziliondolewa zote kufikia mwaka 1978, na mabasi yenye namba za mia mbili, 206 likiwamo, ndiyo yaliyorithi njia zake. Kazi iliyokuwa ya reli ikatupiwa mabasi yanayogombea barabara na magari binafsi na teksi.

Linganisha sasa maeneo mawili, na naomba msomaji akae na ulinganisho huu kidogo, maana kwangu ndio unaobeba kisa kizima. Fushimi Inari, yale malango mekundu yanayopanda mlimani, ni miongoni mwa mahali wageni wa nje wanapopapenda kuliko pote Japani. Hakuna kiingilio na hapafungwi hata usiku. Kwa wingi wa watu, Kiyomizu haipashindi. Lakini humsikii mkazi akilia kwamba basi la Fushimi Inari limemwacha. Kisa ni kwamba kituo cha treni cha Inari kiko mbele ya lango lenyewe, na kutoka kituo kikuu ni vituo viwili tu, kama dakika tano. Treni moja inameza watu ambao basi namba 206 lingewasafirisha kwa awamu nyingi. Njia za juu mlimani zimejaa, mitaa inayozunguka madhabahu ina kero zake, lakini bibi wa kliniki haguswi. Umati ni uleule, ila umepewa njia nyingine.

Anayerudi na anayefika mara ya kwanza

Mjapani huijua Kyoto tangu utoto. Shule nyingi huwapeleka wanafunzi kwenye ziara iitwayo shugaku ryoko, na Kyoto ni moja ya vituo vyake vikuu. Mtoto wa Tokyo hupanda treni ya kasi ya Shinkansen, iliyoanza mwaka 1964, na baada ya kama saa mbili na robo yuko Kyoto na wenzake waliovaa sare. Hupangwa katika vikundi vidogo na kuachiwa siku moja wajizungushe wenyewe. Akiwa mtu mzima hurudi, na hurudi tena. Watalii wa ndani walio wengi wamefika Kyoto mara kadhaa, wengine hawakumbuki ni mara ngapi. Kiyomizu wameshaiona. Sasa wanafuata majira: maua ya micheri mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na majani yanayogeuka mekundu katika nusu ya pili ya Novemba.

Kwa hiyo safari ya mtalii wa ndani imefungwa kwenye kalenda. Anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na hivyo huja Jumamosi, Jumapili au siku za sikukuu. Anayetoka Osaka anafika kwa treni ya kawaida ndani ya nusu saa, anarudi jioni, na hakulala hata usiku mmoja. Wengine huja kwa gari lao na kuganda kwenye foleni ya magari Higashiyama (upande wa mashariki, iliko Kiyomizu) au Arashiyama, hali mabasi yamekwama nyuma yao. Mzigo wake ni mkoba wa begani. Nauli anaigusisha kwa kadi ileile anayotumia kila siku kwenda kazini. Mji unamjua, naye anaujua mji.

Mtalii wa nje hana Jumamosi. Yuko likizo ya wiki mbili, na Jumanne kwake ni sawa na Jumapili. Anakuja mara ya kwanza, pengine ya mwisho maishani, na ana orodha: Kiyomizu, Kinkaku-ji, Fushimi Inari, msitu wa mianzi wa Arashiyama, Gion jioni. Amekabidhiwa siku mbili au tatu kuimaliza. Huwezi kumlaumu. Mtu aliyesafiri saa kumi na tatu angani hatakubali kuelekezwa kwenye hekalu dogo lisilojulikana eti kwa sababu lina nafasi. Anafungua ramani ya simu, anaona njia isiyohitaji kubadilisha chombo, nayo ni basi. Na mara nyingi yuko katikati ya kuhama: asubuhi ametoka hoteli ya Tokyo, jioni ataingia hoteli ya Kyoto au Osaka, na begi lake lenye nguo za wiki mbili linamfuata hadi ndani ya 206.

Ukiweka makundi haya mawili pamoja unapata picha isiyofanana na lawama za mitaani. Watalii wa ndani hufanya mawimbi: wikiendi chache za mwaka zinafurika kupita kiasi, halafu maji yanatulia. Watalii wa nje wamejaza mabonde yaliyokuwa kati ya mawimbi. Zamani mkazi wa Higashiyama alijua kwamba Jumatano ya Juni ni siku yake. Akipanga kwenda hospitali au sokoni, alipanga siku hiyo. Kilichomuumiza hasa ni kupotea kwa Jumatano yake. Wikiendi ya majani mekundu alishaizoea tangu zamani, na siku hizo alikuwa akikaa ndani.

Kuna jaribio ambalo halikupangwa na mtu, nalo linathibitisha hili. Mwaka 2020 Japani ilifunga mipaka kwa sababu ya korona, na watalii binafsi kutoka nje hawakuruhusiwa kuingia kwa uhuru hadi Oktoba 2022. Mwaka huohuo wa 2020 serikali ilianzisha mpango wa Go To Travel uliowapunguzia wananchi gharama za kusafiri ndani ya nchi. Ilipofika wikiendi ndefu ya Novemba, daraja la Togetsukyo pale Arashiyama lilijaa watu pembe hadi pembe. Mgeni wa nje hakuwapo. Waliojaza daraja walikuwa Wajapani, wamevaa barakoa, wamekuja kuona majani. Lakini siku za kazi mji ulikuwa mtupu, mabasi yalipita na viti vitupu, na mapato ya usafiri wa jiji yaliporomoka vibaya. Yule mgeni wa Jumanne anayelalamikiwa ndiye pia aliyekuwa akilipa mafuta ya basi.

Tiketi iliyowafundisha watu kupanda basi

Hapa jiji lenyewe lina sehemu yake. Kwa miaka mingi liliuza tiketi ya basi ya siku nzima kwa yen 500. Nauli ya safari moja ndani ya eneo la katikati ni yen 230. Piga hesabu: ukipanda mara mbili umetumia 460, ukipanda mara ya tatu tayari umefaidi 190. Mtalii mwenye mahekalu manne kwenye orodha hakuwa na sababu hata moja ya kufikiria treni. Tiketi ilisifiwa katika kila kijitabu cha wasafiri, na vikundi vya wanafunzi wa ziara za shule viliitumia vilevile. Jiji liliwafundisha watalii wa ndani na wa nje, kwa lugha zote, kwamba Kyoto hutembelewa kwa basi. Somo likaeleweka.

Mwaka 2018 bei ikapandishwa hadi yen 600, na wakati huohuo tiketi inayounganisha basi na treni za chini ya ardhi ikashushwa kutoka 1,200 hadi 900, ili watu wavutwe kwenye treni. Mwaka 2021 ya basi ikawa 700 na ile ya pamoja 1,100. Angalia ujanja wa hiyo 700: safari tatu za kawaida ni 690. Kwa mara ya kwanza tiketi ya siku ilimlipa mtu aliyepanda mara nne au zaidi. Mwishowe mauzo yake yalisitishwa Septemba 2023, na kuanzia Aprili 2024 haikutumika tena kabisa. Imebaki ile ya pamoja.

Nauunga mkono uamuzi huu bila kusita, ila ulichelewa, na haukuweza peke yake kubadilisha ramani. Ukimwondolea mtu tiketi ya bei nafuu ya kwenda Kiyomizu bila kumpa reli inayofika Kiyomizu, atalipa 230 na kupanda basi lilelile. Na hapo linaingia jambo lingine dogo ambalo wapanga sera wa mbali hawalioni: namna ya kulipa.

Kwenye mabasi ya jiji la Kyoto unapanda mlango wa nyuma na kushuka wa mbele, na unalipa unaposhuka. Hakuna kondakta, ni dereva na sanduku la nauli. Sanduku halirudishi chenji. Mwenye noti ya yen 1,000 anaiingiza kwanza kwenye mashine ya kuvunja iliyo pembeni ya sanduku, sarafu zinamwagika kwenye kisahani, kisha anaanza kuchagua. Mwenyeji anazijua kwa kuzigusa tu: mbili nyeupe za mia, tatu nyekundunyekundu za kumi, basi. Mgeni anazigeuza. Hii yenye tundu ni ya hamsini au ya tano? Anaangalia nyuma, watu wanasubiri, uso unapata joto. Mwenzake anauliza kama amlipie. Tuseme hilo linachukua sekunde kumi na tano. Wakishuka wageni ishirini wa namna hiyo Gojozaka, dakika tano zimekwenda basi likiwa limesimama, na la nyuma yake limeshalifikia. Ndiyo maana mabasi ya 206 huja mawili yamefuatana na halafu kimya kirefu. Mkazi anadhani mabasi ni machache, kumbe yamesongamana mlangoni.

Mwaka 2019 jiji lilianza kugeuza utaratibu kwenye njia namba 100, ya watalii: upandie mbele, ulipe kwanza, ushukie nyuma. Ni wazo zuri, na lilihitaji kwenda na jambo la pili, yaani wahudumu wa kupokea nauli pale pale kituoni kwenye vituo viwili au vitatu vilivyolemewa, kabla basi halijafika. Foleni ya Gojozaka ina muda wa kutosha wa mtu kuhesabu sarafu zake bila aibu.

Basi la haraka lililofuata kalenda isiyo yake

Juni 2024 jiji lilizindua mabasi ya haraka ya watalii. Yanatoka kituo kikuu, yanasimama vituo vichache, yanafika Gojozaka kwa kama dakika kumi, na mengine yanaendelea Gion hadi Ginkaku-ji. Nauli ni yen 500, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Mantiki yake naipenda: mtalii analipia haraka yake, mkazi anabakiwa na nafasi kwenye 206, na hakuna aliyefukuzwa.

Tatizo ni siku zilizochaguliwa. Mabasi haya yaliwekwa kwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hiyo ni kalenda ya mtalii wa ndani. Wimbi la wikiendi linapunguzwa, sawa, lakini Jumatano ya bibi wa kliniki imeachwa kama ilivyo, na mgeni wa nje, ambaye ndiye aliyelengwa kwa maneno, ndiye anayesafiri siku ambayo basi lake halipo. Mtu aliyechora ratiba hiyo alikuwa bado na picha ya Kyoto ya miaka ya nyuma kichwani, ambako kujaa kulikuwa jambo la mwisho wa juma.

Kuhusu mabegi sitakaa sana, kwa sababu suluhisho lipo na linafanya kazi. Japani ina huduma za kutuma mizigo zilizokomaa, na kituo kikuu kina mahali pa kuacha begi asubuhi ukalikuta hotelini jioni. Jiji linahimiza utalii wa mikono mitupu. Wajapani hutumia huduma hizi bila kufikiri. Mgeni asiyezijua huzikuta akiwa ameshapanda basi. Tangazo la mizigo lingekuwa na faida kubwa zaidi kama angelipata pale anaponunua tiketi ya Shinkansen kule Tokyo, siku moja kabla.

Sehemu inayonitatiza zaidi ni ya kuwatawanya watu. Kwa miaka kadhaa jiji limekuwa likitangaza maeneo sita ya pembeni, Fushimi, Ohara, Takao, Yamashina, Nishikyo na Keihoku, ili msongamano upungue katikati. Ni maeneo mazuri ajabu. Ila nani atakwenda Ohara, bondeni huko kaskazini, saa nzima kwa basi? Ni yule aliyekwisha kuiona Kiyomizu mara tano. Kampeni hii inamfaa mtalii wa ndani anayerudi, na kwake naamini ina nguvu. Kwa mgeni wa mara ya kwanza ni kumwambia mtu aliyekuja harusini akasalimie majirani.

Mgeni huyo hawezi kubadilisha mahali. Anachoweza kubadilisha ni saa. Hekalu la Kiyomizu hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayefika saa moja analipata jukwaa lake la mbao likiwa na watu wa kuhesabika, ukungu bado uko bondeni, na basi lililomleta lilikuwa na viti. Shirika la utalii la jiji hutoa utabiri wa msongamano kwa eneo na kwa saa, kama utabiri wa hali ya hewa, na hicho ndicho chombo sahihi kwa mgeni wa nje. Kina mpaka wake pia: anayelala Osaka kwa sababu hoteli za Kyoto zimepanda bei hawezi kufika saa moja bila kuamka usiku wa manane. Atafika saa nne, pamoja na wote waliolala Osaka. Kwa hiyo bei ya chumba Kyoto ni suala la usafiri, ingawa idara zinazoshughulika na mambo haya mawili ni tofauti.

Nani alipe, na kwa kigezo gani

Oktoba 2018 Kyoto ilianza kutoza kodi ya malazi, kati ya yen 200 na 1,000 kwa mtu kwa usiku kulingana na bei ya chumba. Wanafunzi wa ziara za shule wamesamehewa. Baraza la jiji likapitisha viwango vipya vya kuanzia Machi 2026, ambapo anayelala chumba cha yen 100,000 na zaidi hutozwa yen 10,000. Sina kinyongo na kumtoza tajiri. Lakini kodi hii inamkamata anayelala. Walio wengi kati ya watu zaidi ya milioni 50 wanaoingia Kyoto kwa mwaka hawalali: mwenyeji wa Osaka na Kobe aliyekuja kuona majani, na mgeni wa nje aliyeweka kambi Osaka. Hao hujaza 206 saa zilezile mbaya, saa nne hadi saa kumi na moja, na hawachangii kitu zaidi ya nauli. Aliyelala mjini, ambaye ndiye pekee mwenye uwezo wa kuamka mapema na kupisha, ndiye anayelipa. Kodi hiyo inawasukuma watu kule tusikotaka, hata kama ni kidogo.

Meya Matsui Koji, aliyeingia madarakani Februari 2024, aliahidi kitu kingine: nauli ya basi inayompa mkazi kipaumbele, yaani mwenye makazi Kyoto alipe pungufu na asiye mkazi alipe zaidi. Kuna kikwazo cha sheria, maana sheria ya usafiri wa barabarani hairuhusu abiria kubaguliwa isivyo haki, hivyo lazima wizara ikubali. Kuna na kikwazo cha kiufundi, kwani sanduku la nauli linapaswa kumtambua mkazi, na wazo ni kuunganisha kadi ya nauli na kadi ya utambulisho ya My Number.

Katika hatua zote nilizozitaja, hii ndiyo ninayoiona imeelewa tatizo. Sababu yake ni moja: haimuulizi mtu pasipoti. Mtu wa Tokyo na mtu wa Paris watalipa sawa, na Mkenya aliyehamia Kyoto kusoma atalipa kama jirani yake aliyezaliwa pale. Mstari umechorwa kati ya anayelihitaji basi kuishi na anayelitumia kutembea, na huo ndio mstari halisi unaopita ndani ya 206 saa kumi alasiri. Maneno ya chuki dhidi ya wageni wa nje, ambayo yameongezeka Japani miaka hii, yamejengwa juu ya mstari mwingine, ule wa uraia, na takwimu za kutembea kwa watu haziuungi mkono. Vivyo hivyo Gion, ambako mwaka 2024 wakazi walifunga vichochoro vyao vya binafsi kwa faini ya yen 10,000 baada ya kuchoka na watu wanaowaandama mageisha wakiwa na kamera. Bango linamkataza kila asiyehusika, wa ndani na wa nje.

Nauli tofauti ina hatari yake. Basi likiwa ghali kwa mtalii na bado likawa ndiyo njia pekee anayoijua, mapato yatapanda na msongamano utabaki palepale, na kila mtu atatangaza ushindi. Bei ni lazima iende pamoja na njia mbadala inayoonekana kwa macho. Na njia hiyo ipo leo, bila kuchimba handaki jipya. Kutoka kituo kikuu unapanda treni ya njia ya Nara kituo kimoja hadi Tofukuji, unavuka jukwaa la jirani hadi treni ya Keihan, na baada ya vituo viwili unashuka Kiyomizu-Gojo. Kutoka hapo ni kama dakika ishirini na tano kwa miguu hadi hekaluni. Ukiendelea kituo kimoja zaidi uko Gion. Kwa kijana mwenye afya njema hakuna shida. Mtalii wa ndani anayeijua Keihan huitumia. Mgeni wa nje hutoka upande wa kaskazini wa kituo kikuu, anaona majukwaa ya mabasi yakiwa mbele yake na foleni yenye bango la Kiyomizu, na anajiunga nayo.

Ningeanza na foleni hiyo. Mhudumu mmoja, ramani moja kubwa iliyochorwa mstari wa treni, na maneno yanayomwambia mtu ukweli: ukisubiri basi utafika saa ngapi, ukienda kwa treni utafika saa ngapi. Halafu mabasi ya haraka yaende Jumanne na Jumatano. Halafu nauli ya mkazi. Na kipimo kisiwe idadi ya watalii waliopungua, wala fedha zilizoongezeka. Kituo kinachofuata baada ya Gojozaka, ukielekea kituo kikuu, kinaitwa Umamachi. Hakina hekalu maarufu, wanaopandia hapo wengi ni wakazi, na basi huwafikia likiwa limeshajazwa na foleni ya nyuma. Mtu asimame hapo siku ya kazi ya Novemba, saa kumi alasiri, ahesabu ni wangapi wameweza kupanda basi la kwanza lililosimama.